Cheti cha Kifo cha Fundi wa Keko

Dada yangu alivunjwa mkono kwa mchi wa kinu, mchana kweupe, uani kwake Temeke, na aliyemvunja hakuwa mumewe. Alikuwa mdogo wa mumewe. Mume mwenyewe alikuwa ameondoka kitambo, kachukua kazi ya kuchochea makaa kwenye meli za Ulaya, na tangu vita vianze hakuleta salamu wala senti. Mdogo mtu akahamia nyumba ile, akasema anamtunzia kaka yake mke. Akamtunza kwa mchi, akamtunza kwa mshipi. Dada akichelewa kisimani, kipigo. Akisema anataka kurudi kwetu, hapo ndipo majirani walipofunga madirisha.

Alikimbilia kwetu Kinondoni mara kadhaa, uso umevimba. Kila mara yule bwana alimfuata, akasimama barazani kudai mke wa kaka yake, na baba yetu, Mungu amrehemu, akamrudisha kwa mkono wake mwenyewe. Kadhi alishasema: mwanamke ambaye mumewe haijulikani kafa au yu hai bado ni mke wa mtu, leteni habari ya kifo yenye mashahidi ndipo tuzungumze. Safari moja kaka yangu aligoma, wakashikana barazani pale, wakapigana mpaka jamvi likalowa damu. Kaka alitoka bila meno mawili ya mbele. Dada alirudishwa vilevile. Nilimchukia baba siku ile, nasema wazi.

Basi mie na dada tukaanza kumtafuta shemeji yangu, na mie nilimtafuta maiti. Sikumtaka hai hata kidogo. Tulikwenda kwa miguu hadi ofisi ya mabaharia bandarini, tukamtajia karani jina la mtu na la baba yake. Akapekua, akasema hayumo. Tukarudi mwezi mwingine, hayumo. Mwishowe karani akatuchoka, akatwambia mtu huyo hajawahi kupanda meli yoyote kutoka bandari hii, labda kajificha bara na mke mwingine. Dada alikaa chini pale pale mlangoni. Mume huyo, dada mwenyewe ndiye aliyemsindikiza mpaka gatini, akamwona anapanda.

Vita vilipokwisha akarudi baharia mmoja, jirani yetu wa Kinondoni, akaja kutupa pole. Alisema kakaa bandari moja na shemeji yangu huko Uingereza, na amesikia kwamba amefariki, ila mazishi hakuyaona. Kisha akasema jambo lililotutoa jasho: huko kwenye meli shemeji hakuitwa jina lake. Aliitwa jina la fundi vitanda wa Keko, rafiki yake tangu utoto. Fundi ndiye aliyekuwa na kitabu cha ubaharia. Alisafiri mara moja tu, akatapika kwenda na kurudi, akaapa hataiona tena bahari. Shemeji akakiomba kile kitabu, akapewa, kama watu wanavyoazimana kanzu ya kwendea harusini. Hakikuwa na picha, na Mzungu wa meli hakujua yupi ni yupi.

Tukarudi bandarini na jina la fundi. Karani hakupekua sana. Huyo yumo, akasema: kafariki, kaunguzwa na mvuke wa tangi la maji ya moto, kazikwa huko huko, na cheti cha kifo kilipelekwa zamani kwa jamaa zake, Keko.

Jamani! Mtu aliyeandikiwa kifo yupo Keko anapiga randa, na cheti chake kakikalia. Anajua fika maiti ni nani. Na habari za dada yangu kupigwa nani hakuzijua, kuanzia Temeke mpaka Keko?

Tulimkuta kibandani, kazungukwa na maranda. Nilimwambia kadhi anataka mashahidi wawili, baharia ni mmoja, yeye awe wa pili. Akasema hatujui tunachosema. Akasema kitabu chake kilipotea. Mie sina dogo: niliokota mguu wa kitanda uliokuwa umetoka kuchongwa, nikampiga nao gotini. Akaanguka. Nikampiga begani, nikampiga mgongoni, naye anajikinga kwa mikono na kulia kama mtoto, na sijapata kujuta hata leo. Dada ndiye aliyenishika.

Halafu dada yangu, mtu asiyetoka bila buibui, akampa fundi mgongo na kuliteremsha. Sitaki kueleza nilichokiona. Palipopona palikuwa pamepigwa tena juu yake.

"Nitafungwa," fundi akasema.

"Mie nimefungwa tangu cheti chako kifike," dada akamjibu.

Fundi alikuja kwa kadhi akichechemea, na cheti mkononi. Alisema yote. Serikali haikumwacha: walimpeleka bomani kwa kumwazima mtu kitabu, akachapwa viboko mpaka akashindwa kukaa, kisha akaingizwa jela. Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile kadhi alimsikiliza, akamsikiliza na baharia, akatafsiriwa tarehe ya kwenye cheti. Mdogo wa marehemu alikuwa amekaa karibu na mlango. Sie tulikwenda tukiwa tumekwisha nunua kaniki ya dada kukalia eda.

Kadhi akamwambia hana haja ya kukaa eda. Eda ya mjane huhesabiwa tangu siku mume alipokufa, si siku habari ilipofika, na yake ilikwisha miaka iliyopita. "Muda wote huo hukuwa mke wa mtu, mwanangu," alisema. "Ulikuwa huru."

Mie nikapiga kigelegele, nikadhani dada atanipokea. Hakunipokea. Alimgeukia kadhi.

"Basi, sheikh," akasema, "nimepigwa nikiwa mke wa nani?"

Kadhi akakunja cheti, akakikunjua, akakikunja tena. Dada alisimama pale akingoja jibu, mpaka askari wa mlangoni akaja kutuambia tutoke, wengine waingie.