Siku Jumuiya Ilipoyaombea Macho Yangu

Jamani, hili nalisimulia nikiwa nimejifunika uso kwa kanga, maana kuwadanganya wanajumuiya ni jambo moja, na kuwadanganya wakiwa wamepiga magoti sebuleni kwako ni jambo jingine kabisa.

Bosi mnamjua, mbwa wa marehemu mume wangu. Tangu Baba Kulwa afariki na watoto warudi kazini Dar, hapa nyumbani Butimba tumebaki wawili. Sasa Bosi akapata presha ya macho. Jicho la kushoto likavimba, likapofuka, na daktari wa mifugo akaniambia la kulia tunaweza kulichelewesha tu, tone moja saa moja asubuhi na jingine saa moja jioni, bila kuruka, na dawa ikae kwenye friji. Friji yangu iliharibika zamani (vitu vingi humu ndani vilikuwa vinamsubiri Baba Kulwa avitengeneze, na mpaka leo vinamsubiri), kwa hiyo nikaomba nafasi kwenye friji ya jirani na mwanajumuiya mwenzangu, Mama Veronika.

Akauliza ni dawa ya nini. Nikasema ya macho. Angeuliza ya nani ningemwambia, lakini hakuuliza, nami nikaona aibu kujitangaza kwamba ni mjane anayemnunulia mbwa dawa kwenye famasi ya watu. Nikanyamaza. Kosa langu lote liko hapo.

Basi Jumamosi zamu ya sala ikaangukia kwangu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi sebule imejaa, na mwenyekiti wetu, Mzee Bundala, akatangaza, "Nia yetu leo ni macho ya Mama Kulwa, ambaye anaficha ugonjwa wake kwa unyenyekevu." Nilitaka kusema ukweli. Nikasema "Amina." Wakaomba, jamani, wakaomba! Bibi mmoja akalia, nami nikalia kweli, kwa aibu, nao wakazidi kuamini kwamba hali yangu ni mbaya.

Ilipofika saa moja, simu yangu ikalia alamu. Mama Veronika (ana roho nzuri huyu mpaka anakera) akaitoa ile chupa kwenye mkoba wake.

"Saa ya dawa, Mama Kulwa. Hebu egemea nikuwekee."

Kabla sijapata neno wameshanishika kichwa, tone likaingia likawasha, la pili likamwagika shavuni, na chupa yenyewe ilikuwa inaishia, nyingine ingefika Jumatatu. Nikapiga kelele, "Acheni, mtammalizia!"

"Tutammalizia nani?" akauliza Mama Veronika.

Bosi alikuwa ameisikia alamu. Akaingia, akajigonga kwenye kiti, akapenya katikati ya magoti ya watu, akakaa mbele yangu na kuinua uso akisubiri tone lake. Hakuna aliyehitaji maelezo. Mmoja akaanza kucheka, kicheko kikaenea sebule nzima, na mimi jicho linachuruzika.

Mzee Bundala hakucheka. "Mama Kulwa, yaani tumemwombea mbwa?"

"Nisamehe, baba," nikasema, na yaliyofuata sikuyapanga. "Nammisi Baba Kulwa. Nikimtaja humu ndani, ni huyu tu anayegeuza kichwa. Hilo jicho lilimwona kila siku. Likienda na lenyewe..."

Mzee Bundala, ambaye mbwa huwa hataki hata wamsogelee, akapiga magoti tena na kumshika Bosi kidevu. Nikaichukua chupa kwa Mama Veronika, nikaiminya mpaka ikatoa tone moja.

"Tuendelee na nia ileile," akasema.

Nimeapa, sitamficha tena ninayemuuguza, hata angekuwa kuku. Watu wananiuliza, kama dawa haiponyi bali inachelewesha tu, nahangaika ya nini? Nawaambia Baba Kulwa alianza kuumwa asubuhi, na mchana wa siku hiyohiyo hakuwepo tena. Ningecheleweshewa hata wiki moja, ningeipokea kwa mikono miwili.