Treni ya Baba na Kadi Iliyochoka

Mimi ni mwanamke mtu mzima, nina kazi yangu, na jioni huwa nacheza gemu. Sijawahi kulisema hilo mbele ya watu. Nachapa na kubuni kadi za harusi nyumbani kwetu Mafiga, kwa hiyo majirani wanajua kompyuta iliyoko chumbani ni ya kazi. Mtu akipiga hodi nafunga gemu haraka haraka, na akiingia anakuta maua na majina ya maharusi kwenye skrini.

Kadi ya picha ya kompyuta hiyo, kile kifaa cha ndani kinachofanya gemu lionekane na kutembea vizuri, niliinunua ikiwa imeshatumika. Nami nikaitumia mpaka feni yake ikaanza kukoroma. Kila lilipotoka gemu jipya nilijiuliza kama wakati wa kuibadilisha umefika, na kila mara nilijijibu kuwa bado, maadamu gemu linafunguka. Nikawa napunguza. Niliondoa vivuli, nikaondoa majani, nikaondoa mawingu. Mwishowe nilikuwa nakimbia kwenye milima mitupu, picha inakwama kisha inaruka, nami nangoja itulie kama unavyomngoja mtu amalize kukohoa. Nilishazoea.

Ndipo baba akapata kiharusi.

Baba alikuwa dereva wa treni mpaka alipostaafu. Mkono wake wa kulia ulibaki mzito, na mtaalamu wa mazoezi pale hospitali alituambia tumtafutie kitu anachokipenda, kitakachomlazimisha kuchezesha vidole. Mpira wa kubonyeza aliopewa aliusukumia chini ya kitanda. Nikakumbuka kuwa lipo gemu la kuendesha treni. Nililiweka, nikamkalisha mbele ya kompyuta, nikaona haya hata kumweleza ni kitu gani.

"Hii honi wamekosea," alisema mara tu treni ilipoondoka. "Ya kweli unaisikia kifuani. Lakini taa wamepatia."

Tangu hapo, akishakunywa chai ya asubuhi alikuwa anaita, "Mama, niwashie treni." Kila stesheni aliyoipita aliilinganisha na Ngerengere, na Ngerengere ilishinda zote. Vidole vikaanza kutii. Akaweza kufunga vifungo vya shati mwenyewe.

Kisha akaacha. Nikimuuliza, anasema amechoka. Nilidhani limemchosha kama gemu lolote linavyomchosha mtu, na kusema kweli nilifurahi kidogo kurudishiwa kompyuta yangu.

Siku chache baadaye shangazi, dada yake baba, alishuka kutoka Mgeta na mzigo wa karoti na njegere, kuja kumjulia hali. Alinifuata jikoni nikiwa namenya viazi.

"Mwanangu, baba yako ana jambo. Amesema nisikwambie."

"Jambo gani, shangazi?"

"Anasema kichwa chake kinakatika. Akiangalia ile treni anaiona iko hapa, mara iko kule, pale katikati hajui alikuwa wapi. Anasema ugonjwa unarudi, na hataki uhangaike tena na hospitali."

Niliacha viazi vilivyo, nikaenda barazani alikokuwa amekaa.

"Baba, siyo kichwa chako. Ni mashine."

Alinitazama kwa upole, kama mtu anayefarijiwa na mtoto. "Sawa, mama."

Hakuamini hata kidogo. Nikamwomba aingie ndani, nikamwita na shangazi, nikawasha treni mbele yao wote wawili. Ilikwenda vizuri kwa muda, nikaanza kuomba iharibike. Ilipokaribia daraja ikakwama, ikaruka, ikaonekana upande wa pili.

"Hee!" shangazi alishika mdomo. "Imeruka! Hata mimi nimeiona!"

Baba aliendelea kutazama skrini, halafu akaniuliza bila kugeuka, "Kwa hiyo ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla wewe hujaanza kuicheza. Nilishazoea. Sikufikiri kwamba wewe..." Sikumaliza.

"Mimi kila nikiamka nazitaja stesheni zote kwa mpangilio, kutoka Dar mpaka Dodoma," alisema taratibu. "Najipima kama kuna iliyonipotea."

Shangazi alitazama sakafu. Ningeweza kumwambia kwa neno moja tu, mara ya kwanza picha ilipokwama akiwa ameshika vidude vya kuchezea. Lakini nilikuwa na haya na kompyuta yangu chovu, tena na haya ya kujulikana kuwa naijua kiasi hicho.

Kesho yake nilikwenda mjini kwa muuzaji wa vifaa vilivyotumika. Kadi niliyokuwa naiota haikuwa saizi ya mfuko wangu, wala saplai yangu, kile kisanduku kinachoipa kompyuta umeme, isingeimudu. Nilichukua ya wastani, nikaomba ifanyiwe majaribio mbele yangu, nikarudi nayo nimeipakata. Niliifunga mwenyewe, baba amesimama nyuma yangu na tochi.

Treni ikatembea bila kukwama. Vivuli vya miti vilirudi juu ya reli, na shangazi akavishangilia. Stesheni ilipokaribia baba alishika breki, na treni ikapitiliza mpaka mabehewa yote yakaishia nje ya jukwaa. Akarudia. Ikapitiliza tena.

"Sasa hivi haijaruka," alisema.

"Haijaruka, baba."

"Basi huo ni mkono."

Katika kumwonyesha kuwa akili yake ni nzima, nilikuwa nimemwondolea mashine ya kuisingizia makosa ya mkono. Shangazi akauliza abiria waliopitilizwa watafanyaje.

"Watashuka watembee," baba alijibu, akacheka, kisha akaurudisha mkono kwenye breki. Mimi nilitoka nje, nikajifanya naanika nguo.