Kunguni wa Mzee Lameck

Watu wa Miyuji wakimwona Mzee Lameck anakuja na mfuko wake wa kaki, wanajua kuna kitabu kipya. Alifundisha bayolojia sekondari mpaka akastaafu, na tangu hapo anaandika vitabu vyembamba juu ya mageuko, yaani namna viumbe wanavyobadilika kidogo kidogo, kizazi hata kizazi. Kitabu kikitoka hangoji kuulizwa. Hupita mlango kwa mlango kutoa habari, kama anayealika watu harusini. Cha kwanza kilihusu ng'ombe wa nundu, watu wakakipenda. Cha pili kilihusu mtama. Hiki cha tatu ni cha kunguni, na hapo ndipo wengi walipoanza kumfungia mlango.

Hana, mpangaji katika nyumba moja ya hapo, hakuwalaumu. Alikuwa anageuza godoro juani mzee alipoingia uani.

"Mbukwenyi!" alisalimu kwa Kigogo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta habari ya kitabu."

Lakini Hana alikuwa anautazama mkono wa mzee. Kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko ulijaa vipele, vingine vimekunwa mpaka vinatoa maji.

"Umeumwa na nini?"

"Nafuga." Mzee akatoa chupa iliyofungwa kitambaa mdomoni. Ndani wadudu bapa, rangi ya damu iliyoganda, walikuwa wanapandiana. "Nimewatoa Gulwe kwa mpwa wangu. Hawajawahi kuonja dawa. Wakisikia njaa naigeuza chupa hapa mkononi, wananyonya kupitia kitambaa."

Hana alirudi nyuma hatua moja. Mtu mzima, mwenye wajukuu, anakaa na kulisha uchafu ule damu yake mwenyewe! Angemkimbia, isipokuwa mwanawe Elisha alikuwa amelala mgongoni kwake na vipele vilevile shingoni. Na Mama Nurdini, mwenye nyumba, alikuwa ameshasema mbele ya wapangaji wote: mwezi ukiisha, atoke. "Nyumba yangu haikuwa na mdudu mpaka ulipoingia wewe na godoro lako. Mwanamke mchafu!"

Hana alikuwa amefua, ameanika, amepuliza dawa mpaka mtoto akakohoa.

"Babu, hao wako wakipulizwa wanakufa?"

"Mara moja."

"Wangu hawafi."

Macho ya mzee yakang'aa kama ya mtu aliyeambiwa kuna nyama. "Nikusanyie!"

Hana akawakusanya kwa kijiti cha ufagio, kwenye mshono wa godoro, huku ameziba pumzi. Mmoja akapasukia kidoleni. Ile harufu yake, utamu uliooza, haikumtoka puani hata baada ya sabuni.

Jumamosi mzee akarudi, akaweka chupa mbili juu ya stuli katikati ya ua. Mama Nurdini, ambaye kwao Kondoa mgeni hakai bila kupewa kitu, alileta chai ya tangawizi. Hakuna aliyeigusa.

"Hawa wa Gulwe, hawa wa humu," mzee alisema. "Mama Nurdini, puliza mwenyewe, dawa yako ileile."

Akapuliza, uso kaugeuzia pembeni. Wakangoja. Wa Gulwe walianza kuyumba, wakalala chali, miguu ikitetemeka, kisha kimya. Wa Hana walikuwa wanatembea tu, wanapanda kioo cha chupa, wanateleza, wanapanda tena.

"Yesu wangu," alisema Anitha, mpangaji wa chumba cha mwisho, kaziba mdomo kwa khanga. "Wanaoga!"

"Ndiyo kitabu changu chote hicho," mzee alisema. "Ukipuliza, wengi wanakufa, wawili watatu wenye mwili mgumu wanabaki. Hao ndio wanaozaa, na watoto wanafanana na wazazi. Puliza miaka na miaka, mwishowe chumba kizima ni ukoo wa waliobaki."

"Mimi usinifundishe kupuliza," Mama Nurdini akaja juu. "Napuliza vyumba hivi kila mwaka, tangu huyu Hana hajavunja ungo!"

Anitha ndiye aliyeanza kucheka.

"Kha! Sasa, Bibi, miaka yote hiyo ulikuwa unampulizia nani?"

Mama Nurdini aliweka dawa chini. Akakusanya vikombe kimoja kimoja, vimejaa vilevile. Alipofika mlangoni alisema bila kugeuka, "Mama Elisha, jiko langu la mkaa lipo. Kachemshe maji."

"Yachemke hasa," mzee alidakia. "Maji ya moto hajazaliwa kunguni wa kuyazoea. Na nyufa za ukuta zizibwe, kila chumba."

"Zitazibwa," sauti ilijibu kutoka ndani.

Mzee akamwachia Hana kitabu. Hana aliupokea mkono wake wa vipele, akaushika vizuri, hakuuachia haraka. Kisha akaenda bombani, palepale mbele yake, akanawa hadi kwenye viwiko, mara mbili. Mzee akacheka mpaka akakohoa.

Kitabu Hana anakisoma, lakini nje, juani. Akimaliza anakitia kwenye mfuko wa nailoni, anafunga fundo, anakitundika kwenye msumari wa nje ya mlango. Jalada lina picha ya kunguni mkubwa kama kiganja, na ndani ya chumba kitabu hakiingii.