Mshono Chini ya Zulia

Mtaa wa Heol Isaf, katika mabonde ya Wales, huteremka kutoka kanisani hadi mtoni. Una nyumba arobaini na mbili, na hakukuwa na hata moja iliyothubutu kununua gari bila kwanza kugonga mlango wa Meinir Probert. Si kwamba alikuwa fundi. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mpishi wa shule, mwenye mikono mipana na sauti ya kufika mwisho wa foleni. Ila kichwa chake kilishika mambo ya magari kama vichwa vya wengine vinavyoshika nyimbo. Alijua gari lipi hunywa mafuta na lipi huonja tu, lipi kodi yake ya mwaka ni nafuu, na kampuni ipi ya bima hupandisha bei kimyakimya ikidhani mteja amelala. Bima zao zikikaribia kuisha, majirani walimletea barua jikoni. Alizisoma amesimama, miwani imeteremka puani, kisha akasema, "Wapigie. Waambie unahama. Utaona watakavyolainika."

Na kweli walilainika.

Mumewe, Idwal, alikuwa akimtania kwamba afadhali angeolewa na gereji. Idwal alifariki ghafla majira ya baridi, na miezi minne baada ya mazishi gari lao kuukuu nalo likafa. Meinir alitumia wiki tano kuchagua jingine. Alizunguka mabonde matatu, akafungua milango, akanusa viti, akalinganisha karatasi na namba, akakataa magari kumi na moja. La kumi na mbili lilikuwa dogo, la buluu, lenye milango mitano, katika yadi ya mtu aliyeitwa Mostyn. Hilo alilichukua. Lilikuwa gari la kwanza maishani mwake kulichagua bila mtu wa kubishana naye, na alirudi nalo nyumbani akilia barabara nzima, kidogo kwa huzuni na kidogo kwa fahari.

Miaka saba likamtumikia. Alilikatia bima kubwa na hakuchelewa kulipa hata siku moja. Alipanda nalo mlima wa Bwlch kwenye barafu kumpeleka mama yake hospitali. Alimpeleka nalo binti yake, Lowri, kanisani siku ya harusi, kwa sababu gari la kukodi lilikwama. Mjukuu, Cadi, alipozaliwa, kiti chake kilifungwa nyuma, upande wa kushoto, na hakikutolewa tena.

Ukaguzi wa kila mwaka ulifanywa na Gwilym Rees, mwenye gereji ya karibu na daraja, rafiki wa Idwal tangu shule. Kila Oktoba Meinir alimpelekea gari pamoja na sahani ya keki za zabibu za kikaangoni, na kila Oktoba Gwilym alimpa cheti na sahani tupu. Mwaka huu Gwilym alikuwa amestaafu tangu Pasaka. Gereji ilichukuliwa na Carys Beynon, mwanamke wa miaka thelathini na ushei kutoka bonde la pili, asiye na maneno mengi.

Meinir aliacha gari saa tatu asubuhi. Kabla hajamaliza chai yake kwenye mkahawa wa jirani, simu ikalia.

"Bi Probert, ni Carys wa gereji. Unaweza kuja?"

"Limeanguka ukaguzi? Ni breki za nyuma, eti? Nilizisikia."

"Si breki. Afadhali uje uone kwa macho yako."

Gari lilikuwa juu ya lifti, magurudumu yananing'inia. Carys alimpa kofia ngumu, akamwongoza chini yake, akawasha tochi. Mwanga ukapita kwenye sakafu ya gari, katikati, chini ya viti vya mbele. Pale palikuwa na kitu kama kovu la mtu aliyepasuliwa. Kilikatiza kutoka upande mmoja hadi mwingine, kimefunikwa lami nyeusi, na lami yenyewe ilianza kupasuka.

"Unaona huu mstari?"

"Naona. Ni kutu?"

"Ni mshono, Bi Probert. Hapa limechomelewa. Na mlangoni hapa, na juu pia, kwenye nguzo za paa." Carys alishusha tochi. "Hili si gari moja. Ni mawili. Mtu alikata gari moja katikati, akakata la pili, akaunganisha nusu na nusu."

Meinir aliendelea kutazama juu. Maneno aliyasikia vizuri, moja moja, lakini hayakutaka kushikana.

"Rangi ni ile ile," akasema mwishowe.

"Lilipakwa. Ukikwangua huku nyuma utakuta rangi ya fedha. Nikubalie ninyanyue zulia la ndani, nikuonyeshe."

Akakubali. Gari likateremshwa, zulia likanyanyuliwa, na mshono ukaonekana wazi chini yake, mnene kama kidole. Meinir aliugusa. Ulikuwa wa baridi. Sentimita chache nyuma yake kilikuwa kiti cha Cadi, na juu ya kiti, soksi moja ya mtoto yenye picha ya bata.

Carys akamkalisha kwenye benchi, akamletea maji. Meinir hakuyanywa. Alishika kikombe tu.

"Ningegongwa, ingekuwaje?" akauliza.

"Usiulize hilo leo."

"Nauliza leo."

Carys akajipangusa mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Lingefunguka pale pale," akasema. "Mbele kwenda huku, nyuma kwenda kule."

Kutoka pale pale benchini Meinir aliipigia kampuni ya bima, maana ndivyo alivyozoea: jambo likitokea, bima kwanza. Kijana mpole akamsikiliza, akamwomba asubiri, muziki ukalia, akarudi.

"Mama, sisi tulikatia bima gari lenye namba hii ya chesisi. Kama ulivyonieleza, hilo ulilo nalo si gari hilo. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba lina bima."

"Nimelipa miaka saba."

"Najua, mama. Naiona hapa. Umelipa vizuri sana."

"Kwa gari gani?"

Kijana akamwambia asiliendeshe tena hata hatua moja na awaarifu polisi. Kodi ya barabara aliyolipa, ile ya miezi iliyobaki, angerudishiwa. Meinir akashukuru kwa adabu, akakata simu, na hapo ndipo akagundua kwamba bado amevaa ile kofia ngumu.

"Carys," akasema. "Huu mshono ungeonekana mwaka jana?"

"Bila shaka."

"Na mwaka juzi?"

Carys akainama, akaelekeza tochi pembeni mwa mshono. "Kuna kitu kingine, nilikuwa natafuta namna ya kukisema. Huu mshono umechomelewa mara mbili. Wa kwanza ni wa haraka haraka, kazi ya wezi. Juu yake kuna mwingine, na vipande vya chuma vya kuuimarisha. Huu wa pili ni kazi ya fundi hasa. Mtu alikaa na gari hili, akalihurumia."

Katika bonde lote lile palikuwa na fundi mmoja tu wa kuchomelea hivyo.

Meinir alipanda kwa miguu hadi nyumbani kwa Gwilym, mwendo wa nusu saa, mvua ikimnyeshea bila yeye kufungua mwavuli aliokuwa nao mkononi. Gwilym alifungua mlango akiwa na ndara miguuni. Alimtazama usoni mara moja tu, akajua.

"Carys amenyanyua zulia," akasema.

"Ulijua."

"Ingia ndani, Meinir. Umelowa."

"Siingii. Ulijua tangu lini?"

Mzee akashika kizingiti. "Tangu mwaka wa kwanza. Mara ya kwanza nilipolipandisha juu."

Meinir alikuwa amejiandaa kwa uongo njia nzima. Huu ukweli uliokuja bila kuvutwa ulimpiga vibaya zaidi.

"Mjukuu wangu anakaa nyuma, Gwilym. Wewe ulimfunga mwenyewe ile siku ya ubatizo wake. Ulimfunga mkanda, ukambusu utosini, ukafunga mlango."

"Nililichomelea upya. Ulipokwenda kwa dada yako mjini Bangor, ukaniachia funguo. Jumamosi mbili na Jumapili mbili. Niliweka chuma kila mahali ambapo chuma kingeingia. Nikasema moyoni, sasa lina nguvu kuliko lilivyotoka kiwandani."

"Na lilikuwa hivyo?"

Gwilym akatazama ndara zake. "Hapana."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuja na keki," akasema. Sauti yake ilikuwa imechakaa. "Idwal alikuwa na miezi kumi kaburini. Tangu mazishi sikuwa nimekuona ukicheka. Ukashuka kwenye lile gari, ukaniambia, 'Gwilym, nimelichagua mwenyewe, na sikuibiwa hata senti.' Ukacheka. Nikasema, nitamwambia mwakani, akishapata nguvu. Mwakani ikawa, nitamwambiaje kwamba nilijua mwaka jana? Na mwaka uliofuata ikawa ngumu zaidi. Kila Oktoba nilikuwa sili siku mbili kabla hujaja."

Meinir alikuwa mwanamke wa maneno, mtaa mzima ulijua. Lakini aligeuka, akashuka kilima, na kwa mara ya kwanza tangu amjue mzee yule hakumwambia kwaheri.

Kwa siku nyingi baadaye mshtuko haukumtoka. Alikuwa akikoroga uji, ghafla anakumbuka ule mteremko wa Bwlch, barafu, mama yake akiimba kwenye kiti cha mbele, na mwiko unasimama. Alihesabu safari. Alipomweleza Lowri, binti alikaa sakafuni jikoni na kumpakata Cadi hadi mtoto akachoka na kuanza kupiga kelele. Halafu Lowri akasema kitu ambacho baadaye alikiombea radhi: "Mama, wewe ndiye unayewachagulia watu wote."

"Mganga hajigangi," Meinir akajibu. Hakuna aliyecheka.

Polisi waliokuja kulichukua gari walikuwa wawili. Mkubwa wao alimweleza kwamba namba zilizofichwa kwenye nusu ya nyuma zilikuwa za gari lililogongwa na lori huko Uingereza miaka kumi iliyopita. Meinir akauliza kama kulikuwa na watu ndani. Askari akasema alikuwamo dereva peke yake, naye hakupona. Kuhusu Mostyn, yadi yake ilikuwa imejengwa nyumba za ghorofa, na mwenyewe alikuwa amekufa Hispania, ameacha madeni na mbwa wawili.

"Na aliyelikagua miaka yote hii?" askari akauliza, kalamu tayari.

Meinir alitazama nje, gari lilipokuwa likivutwa kwa mnyororo juu ya lori. Jina la Gwilym lilikuwa kwenye vyeti saba. Asingemwokoa hata kwa kunyamaza. Lakini angeweza kusema kwamba mzee hakuona.

"Gwilym Rees," akasema. "Aliona. Alijaribu kulitengeneza, hakuniambia. Andika yote mawili."

Gwilym naye alikuwa ameshakwenda mwenyewe kituoni siku iliyotangulia, akasema maneno hayo hayo. Ilikuja barua ya onyo kali, na jina lake likafutwa kabisa kwenye orodha ya wakaguzi, ingawa alikuwa ameshastaafu. Mtaa ulizungumza. Wengine walisema afungwe, wengine wakasema ni huruma iliyopotea njia. Kanisani aliimba besi kwenye safu ya nyuma, Meinir aliimba sauti ya pili mbele, na kuanzia Oktoba hadi Machi hawakusemezana. Meinir alipanda basi. Barua za bima zikaacha kuja jikoni kwake wiki chache, kisha zikaanza tena moja moja, na sasa aliwaambia watu jambo ambalo zamani hakulisema: kabla ya bei, kabla ya kodi, kabla ya rangi, lipandishwe juu mlione tumbo.

Mwezi wa nne Lowri akachoka kumwendesha mama yake huku na huku kila wiki. Akampatia tangazo la gari la kijivu, la mwalimu mmoja wa mji wa Aberdare. Meinir alilitazama tangazo siku tatu. Siku ya nne, baada ya ibada, alisubiri mlangoni hadi watu wakapungua.

"Kuna gari Aberdare," akamwambia Gwilym. "Nataka mtu wa kulala chini yake."

Mzee alikuwa na miaka sabini na minne. Alilala juu ya gunia kwenye lami mbele ya nyumba ya mwalimu, miguu yake tu ikionekana, na alikaa huko muda mrefu hata mwalimu akaanza kuwa na wasiwasi. Alipotoka alikuwa na matope begani.

"Sema uliyoyaona," Meinir akamwambia.

"Kutu kidogo kwenye bomba la moshi. Breki za nyuma zibadilishwe kabla ya baridi."

"Na kingine?"

"Hakuna."

"Gwilym."

"Hakuna, Meinir. Nimelitazama kama ninavyopaswa."

Alimwangalia machoni, naye mzee hakuyakwepesha. Wakalijaribu barabarani, Gwilym amekaa kiti cha abiria na kofia yake magotini. Walipofika njia panda, badala ya kurudi kwa mwalimu, Meinir akakata kona kuelekea gereji ya Carys.

"Nataka na yeye alione," akasema.

"Ni haki yako," Gwilym akajibu, akafungua dirisha kidogo apate hewa.