Shikamoo Iliyotuponza Kwenye Mpira wa Kengele

Jamani, mimi ni mtu mzima, nina mke, nina watoto wawili na cheo cha mwalimu wa taaluma, lakini hapa Katesh ukimuulizia mwalimu wa hisabati aliyetoka Songea watu wanakukodolea macho tu, ukisema Mwalimu Shikamoo wanakupeleka mpaka mlangoni kwangu. Hilo jina nililipata mchana mmoja, ndani ya dakika chache sana, na wala sikusingiziwa, nililitafuta kwa mdomo wangu mwenyewe. Mpaka leo nikikumbuka nikiwa darasani napotea katikati ya hesabu ubaoni, na wanafunzi wanachekea chinichini kwa sababu wanajua ninachokumbuka (nusu yao walikuwepo).

Ilikuwa hivi. Palikuwa na bonanza la michezo ya watu wenye ulemavu, Jumamosi nzima, na shemeji yangu Paskalina, mdogo wake mke wangu Veronika, alikuwa anacheza. Paskalina haoni tangu utotoni, na mchezo wake ni mpira wa kengele: watu watatu huku, watatu kule, wote wamefungwa vitambaa machoni ili hata yule anayeona kidogo asimzidi mwenzake, mpira una kengele ndani, huyu anauviringisha kwa nguvu zote na wale wanausikiliza unakokuja wanajitupa chini kuuzuia kwa mwili mzima. Timu itakayoshinda ndiyo itakayokwenda Babati kwenye mashindano ya mkoa. Paskalina aliitaka Babati kuliko kitu chochote, alifanya mazoezi uani kwetu mtaani Jorodom miezi na miezi mpaka ukuta wa jiko ukapata ufa, na usiku wa kuamkia mechi akaniambia, "Shemeji, nikiikosa Babati safari hii usije ukanipa pole. Kaa mbali na mimi tu."

Sasa kwenye kuchagua michezo ya kuangalia ndipo nilipojifanya najua. Michezo ilikuwa mingi na mingine inachezwa kwa wakati mmoja, wanangu Joshua na Neema wanataka mbio za viti mwendo, Veronika anataka mpira wa wavu wa kukaa kwa sababu nesi mwenzake anacheza, mama mkwe amekuja kutoka Mogitu na yeye hachagui mchezo, anachagua kivuli. "Mimi nipelekeni penye kiti," alisema, "hata wakicheza bao." Basi mimi, mtu wa kupanga ratiba ya shule nzima, nikachukua karatasi ya manila nikachora ratiba ya familia kwa kalamu tatu za rangi, nikaibandika sebuleni, nikawasimamisha watoto mbele yake nikaanza kuwahutubia kwamba tunakwenda kujifunza moyo wa huruma. Paskalina alikuwa anakunywa uji pale mezani. Akasema, "Waambie waje kushangilia. Hiyo huruma wakawape watakaocheza na mimi."

Asubuhi ilikwenda vizuri mno, na hilo lingenishtua kama ningekuwa na akili. Kwenye mbio za viti mwendo Joshua alipiga kelele mpaka sauti ikakauka, akarudi anadai anunuliwe kile chenye magurudumu yaliyolala kwa ndani, nikamwambia kile si cha kuchezea, akanijibu mbona yule kaka anakichezea na amepewa medali. Kwenye mpira wa miguu wa viziwi mama mkwe alihoji refa atampulizia nani filimbi, kumbe refa ananyanyua kibendera, na ukishangilia unapunga mikono yote miwili hewani, uwanja mzima mikono juu, hakuna sauti. Mimi ndiye niliyewafundisha wanangu kupunga, nikawaeleza na sababu zake. Hilo mliweke akilini, maana mimi sikuliweka.

Saa saba tukaingia ukumbini kwa ajili ya Paskalina. Kulikuwa kumejaa, na wanafunzi wangu wa kidato cha pili walikuwa wamekaa sakafuni upande mzima. Veronika akapata benchi, akakaa na watoto na mama yake, na nafasi iliyobaki ilikuwa moja tu, ya kubanana na mama mkwe. Mimi kwetu nimelelewa kwamba mkwe na mama mkwe hawabanani benchi moja, magoti yakigusana hapo ni habari ya kuitishiwa kikao. Nikaangaza macho, nikaona benchi la wachezaji wa akiba wa timu ya Paskalina lina nafasi, tena pana, kuna ndoo ya maji na vikombe vya bati. Nikaenda kukaa. Kocha wao akaninong'oneza, "Mwalimu, ukikaa hapa unahesabiwa mtu wa timu." Nikamjibu kwa kujiamini, "Kocha, mimi ni mtu wa timu hii toka moyoni." Hilo ndilo kosa la kwanza, na lilionekana kama heshima.

Kabla sijafika kwenye la pili lazima niwaambie habari ya baba mkwe, la sivyo mtaniona mwendawazimu bure. Mwaka niliooa, nikiwa naenda ukweni Mogitu kwa pikipiki, nilimpita mzee mmoja barabarani anaswaga ng'ombe, amevaa koti refu na kofia imefunika mpaka nyusi kwa baridi, nami nikampungia mkono nikapita, kama vile nampungia rika langu. Nafika nyumbani, nakaribishwa, nakunywa chai, mlango unafunguliwa, anaingia koti na kofia. Mzee Gwandu mwenyewe. Hakunisemesha siku tatu, mshenga ikabidi aitwe upya, na lile jambo lilimalizwa kwa debe la asali na maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya mke wangu. Tangu siku hiyo niliapa: baba mkwe nikimwona tu, hata akiwa ng'ambo ya bonde, shikamoo inatangulia, na inatoka kwa mdomo, si kwa mkono.

Na siku hiyo alikuwa amesema haji, kuna ng'ombe wake anataka kuzaa.

Mechi ikaanza. Refa alikuwa mama mmoja mfupi mwenye sauti kuliko kipaza sauti, akisema "Kimya tafadhali!" hata watoto wachanga wanaacha kulia. Alikuwa ametueleza mwanzoni kabisa: ukimya, kwa sababu wachezaji wanacheza kwa masikio, goli likiingia shangilieni, akipuliza filimbi nyamazeni, na benchi la timu likipiga kelele mpira ukiwa mchezoni, ni adhabu, mchezaji wa timu hiyo aliyerusha mwisho anabaki golini peke yake (na goli la mchezo huu ni upana wa uwanja wote). Niliitikia kwa kichwa kama mwalimu anayesikiliza mwalimu mwenzake. Wakafungana moja moja, wakafungana mbili mbili. Ikabaki dakika moja na kidogo. Paskalina akaupata mpira, akapapasa mstari kwa vidole, akarudi nyuma hatua zake tatu, ukumbi wote unasikia pumzi yake.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia koti na kofia.

Alisimama pale mwangani na fimbo yake anatutafuta, macho yakapita kwa binti yake yasimwone, yakapita kwa mkewe, yakatua kwangu mimi. Tukaangaliana. Mtu mwenye akili zake angepunga mikono kama kwa viziwi, lakini mimi kupunga ndiko kulikonitoza debe la asali, na kunyamaza huku mzee ananitazama usoni nako ni yale yale ya barabarani, basi kichwa kikakwama, na mdomo ukafanya ulichozoea.

"Shikamoo baba!"

Paskalina ndiyo anauachia mpira. Ukaenda pembeni kabisa. Ningeishia hapo pangekuwa na nafuu, lakini mzee ana masikio mazito, akaweka kiganja sikioni akasema, "Eeh?" na ninyi mnajua shikamoo isiyopokelewa inavyouma, unajiona umesimama uchi. Nikasimama. "SHIKAMOO BABA!"

"Aah, marahaba mwanangu!" mzee akajibu kwa sauti ya kuita ng'ombe. "Hamjambo? Watoto hawajambo? Amezaa salama! Ndama dume!"

Na wale wanafunzi wangu wa kidato cha pili, ambao ni mimi mwenyewe niliyewafundisha kwamba mzee akiingia mnasimama na kumwamkia, wakasimama wote arobaini na kitu: "Shikamoo babuuu!"

Filimbi. Refa alikuja mpaka mbele yangu akanitazama kutoka chini kwenda juu. "Wewe mwenye koti la kijani. Wewe ni nani kwenye timu hii?"

"Mimi ni shemeji."

"Shemeji anacheza namba ngapi?"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko, kocha akafunika uso kwa taulo, na refa akanyoosha mkono: adhabu. Wenzake wawili wa Paskalina wakatolewa pembeni, akabaki peke yake katikati ya lile goli, mikono chini, kichwa kimeinama upande kidogo. Sikuwahi kuona mtu mdogo namna ile kwenye uwanja mkubwa namna ile, na ni mimi niliyemweka pale. Niliona aibu, nisiwafiche, machozi yalinilenga.

Mpira ukarushwa. Kengele inalia upande wa kushoto, inakuja inakuja, Paskalina akajirusha, kimya, halafu puu! Ameukumbatia kwa tumbo. Ameuzuia! Peke yake! Mimi hapo sikukumbuka kwamba filimbi haijapulizwa, nikaruka juu kama niliyekalia siafu, mguu ukaipiga ndoo, ndoo ikalala, vikombe vya bati vikaanza kubingirika sakafuni kwa zamu, kimoja kinanyamaza kingine kinaanza, cha mwisho kikazunguka pale pale kwa muda mrefu kweli kweli huku watu wote tunakisikiliza mpaka kikaamua kulala.

Filimbi. Adhabu ya pili. Nikatolewa nje kwa kushikwa kiwiko, mbele ya wanafunzi wangu, mbele ya mkuu wangu wa shule, na mwanangu Neema akauliza kwa sauti ya kanisani, "Mama, baba anafukuzwa?" Nikiwa nje nimeegemea ukuta nilisikia kengele inapita, halafu kelele za watu wa upande wa pili. Tatu kwa mbili. Mchezo ukaisha.

Mzee Gwandu alinifuata nje, akasimama kando yangu na fimbo yake, amekasirika kwa niaba yangu. "Mchezo gani huu," alisema, "mtu anaadhibiwa kwa kuwa na adabu?" Ndiye mtu pekee aliyenitetea siku ile, na ndiye niliyetamani asingekuja.

Paskalina alipotoka nilianza kusema shemeji nisamehe, akanyanyua kiganja, akapita. Hakunicheka, hakunitukana, na hilo ndilo lililonikata maini, kwa sababu Paskalina ni mtu wa kunitania kuanzia chai ya asubuhi mpaka ugali wa usiku. Wiki mbili nyumbani kwangu palikuwa kimya kama ukumbi wa mpira wa kengele. Nikaziba ule ufa wa jiko kwa saruji, bila kuombwa, akapapasa ukuta akasema tu, "Umeziba vibaya."

Kisha akaja kocha wa timu iliyotufunga. Mchezaji wake mmoja alikuwa ameteguka mkono, na kwa kwenda Babati alikuwa anamtaka Paskalina, kwa sababu, alisema, hajapata kuona mtu anaachwa peke yake golini, kelele kila upande, na bado anausikia mpira. Veronika alipiga vigelegele. Mimi nikapunga mikono miwili hewani, kimya, nikiwa jikoni.

Kikao cha nani aende Babati kushangilia kilikaliwa Mogitu, na ratiba safari hii alipanga Paskalina, kwa mdomo, hakuhitaji manila. Veronika anakwenda, watoto wanakwenda, mama mkwe anakwenda ilimradi kuna kiti. Mzee Gwandu naye anakwenda, kwa sababu ilionekana kosa ni la aliyeamkia, si la aliyeamkiwa. Nikauliza, "Na mimi?" Wakatazamana. "Ndama anahitaji mtu," akasema mama mkwe.

Kwa hiyo siku ya Babati mimi nilikuwa Mogitu zizini na buti za mzee, simu sikioni. Veronika alikuwa amenipigia akaiweka simu begani ili nisikie, na nilisikia kila kitu: filimbi, kengele, mwili unapiga sakafu, halafu kimya, halafu watu wamelipuka, na sijui aliyefunga ni nani. Nimeshaapa na nimelishika neno langu: siingii tena penye mchezo bila kuuliza kwanza tunashangilia vipi, kwa mdomo, kwa mikono au kwa kutulia. Basi nilitulia. Nilijiziba mdomo kwa kiganja chenye kinyesi cha ng'ombe, hiyo nimeijua baadaye.

Simu ikachukuliwa. Ilikuwa sauti ya Paskalina, anahema.

"Shemeji, umesikia? Tumeshinda!"

Nikanyamaza.

"Shemeji?"

Nikanyamaza, naogopa.

"Shemeji," akasema, na akaanza kucheka kile kicheko chake nilichokikosa wiki zote zile, "mechi imeisha. Ongea."