Asubuhi Baba Aliponiambia Nifunge Bidoni

Baba yangu hakuwahi kutia maji kwenye maziwa. Pale Burungu, kijijini kwetu Masisi, hilo lilijulikana hata na watu wasiompenda. Alikuwa mzee wa kanisa, na kila asubuhi kabla ya kukamua alitusomea Biblia zizini, mama na mimi tukiwa tumesimama matopeni, ng'ombe wakitupumulia mgongoni. Siku moja, nikiwa mtoto, nilisuuza kikombe nikamwagia yale masuuzo ndani ya bidoni, dumu letu la maziwa, kwa uvivu tu. Baba aliimwaga bidoni nzima majanini. "Mungu iko anaona," alisema, wala hakunipiga. Nilikua nikiamini kwamba wema wa baba na dini yake ni kitu kimoja.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa mambo haya yalipotokea. Mwaka uliotangulia, watu wenye silaha walimuua baba mdogo malishoni, wakaondoka na ng'ombe wetu sita. Walisema lugha ambayo si yetu. Baba alimzika mdogo wake, akahubiri juu ya kusamehe, sote tukalia. Kisha vita ikahamia mlima wa pili, na watu waliokimbia wakajaa katika shule iliyo karibu na kanisa. Nao walisema lugha ileile.

Asubuhi moja, mama akiwa Kitchanga kumuuguza dada yake, tulimaliza kusali tukamkuta bibi mmoja wa wale waliokimbia amesimama kwenye lango la zizi. Mgongoni alikuwa na mtoto mchanga, amemfunga kwa kikwembe kilicholowa.

"Papa, muniurumie," alisema. "Mama yake alibakia mu njia. Ata kikombe kimoja tu."

Baba hakumtazama. "Maziwa hii iko na benyewe."

"Mutoto hajanyonya tangu juzi, Papa."

Baba akanigeukia mimi. "Funga bidoni."

Nikafunga.

Wachache niliowasimulia huniuliza tulisoma andiko gani asubuhi hiyo. Sikumbuki. Nakumbuka kwamba kifuniko kilikuwa kimelegea, ikanibidi kukizungusha mara mbili, na muda wote huo yule bibi aliitazama mikono yangu.

Kesho yake alirudi. Baba alipomwona akaingia ndani, akaniacha mimi nimjibu. Nikamwambia kwamba Papa amekataa. Hakuna aliyekuwa amenishika. Bidoni ilikuwa miguuni pangu, wazi, na nadhani hata kama ningemwaga kikombe kizima baba asingeuliza. Labda ndiyo sababu aliingia ndani. Sijui. Siku ya tatu hakuja.

Jumapili mtoto alizikwa nyuma ya shule. Mchungaji alikuwa safarini, kwa hiyo baba ndiye aliyeongoza sala. Alisali vizuri. Sauti yake ilitetemeka, wala hakuwa anaigiza; baba hakujua kuigiza. Sisi wa kwaya tuliimba beti zote. Mwishoni yule bibi akaja, akamshika baba mkono kwa mikono yake miwili.

"Aksanti, Papa, juu ya maombi."

Baba akajibu, "Mungu akubariki, Mama," akashika njia ya nyumbani bila kumngojea mtu.

Mama aliporudi alikuwa amekwisha sikia kwa majirani. Hakumuuliza baba. Aliniuliza mimi.

"Ulikuwa na mikono. Juu ya nini haukumwaga ata kidogo?"

"Baba alikataa."

"Nimekuuliza wewe."

Niliendelea kwenda kwenye kwaya.

Miezi michache baadaye vita ilifika kwetu. Ng'ombe waliobaki walichukuliwa wote mchana mmoja, na sisi watatu tukatembea kuelekea magharibi, siku saba, hadi milima ikaisha na msitu ukatufunika. Tulipofika kijiji kimoja cha Walikale, mwendo wa siku moja kutoka machimbo ya Omate, baba hakuweza tena kukanyaga kwa mguu wa kushoto. Mwindaji mmoja, mzee asiyebatizwa, alitukuta tumeketi kando ya njia. Akatupa nyumba yake ya jikoni tulale humo, akaacha kuni zake zinyeshewe nje.

Mzee yule hakula kitu kabla ya kuwawekea wafu wake kipande chini. Siku ya kwanza alituletea nyama ya pori. Baba akasukuma sahani. "Siwezi kula ya mizimu." Nilitamani ardhi inimeze. Mzee hakukasirika, alimwambia mke wake, ambaye yeye alikuwa Mkristo, atupikie bugali na sombe, majani ya muhogo, kwenye sufuria nyingine. Na hivyo ndivyo tulivyokula miezi yote, kwenye sufuria nyingine.

Jioni moja baba alimuuliza, "Muzee, juu ya nini ulitupokea? Hautujui."

"Mulifika," mzee akasema.

Baba akangoja aendelee.

"Njo ivyo. Mulifika."

Mimi nilianza kumtazama yule mzee kama mtakatifu. Mke wake alinigundua. Tukitwanga sombe pamoja, aliniambia bila kuinua kichwa: "Usimuone vile, mutoto wangu. Mujane wa ndugu yake alifukuzwa hapa na batoto batatu, mvua iko inanyesha. Mufumu, ule muganga, alisema njo yeye aliua bwana yake. Ule mwenye alimufukuza iko bwana yangu." Akaendelea kutwanga.

Pale kijijini palikuwa na shapeli ndogo ya mbao. Waliposikia kwamba baba alikuwa mzee wa kanisa walimwomba aongoze ibada. Alikataa mara nyingi, kisha Jumapili moja akakubali. Alisimama, akafungua kitabu, akanyamaza hadi watu wakaanza kukohoa. Kisha akakifunga.

"Kule kwetu," alisema, "kulikuwa bibi moja. Aliniomba maziwa ya mutoto. Maziwa ilikuwa. Nilimunyima juu ya luga yake. Mutoto akakufa, na mimi njo nilimuzika."

Watu walitazamana. Katekista, kijana mwenye moyo mwema, hakujua la kufanya, akasema, "Tuimbe." Wakaimba, kwa nguvu, kama watu wanaomfunika mgonjwa asionekane. Mama aliinamisha kichwa. Baba alibaki amesimama mbele, mdomo wazi kidogo. Nadhani alikuwa hajamaliza. Nilipaswa kusimama karibu naye, nikasema kwamba mimi ndiye niliyefunga bidoni. Nilibaki kwenye benchi langu. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwomba tena kuongoza, naye hakusali kwa sauti hata mezani.

Wakati wa mvua kubwa alishikwa na homa. Yule mzee alikata miti, akafunga kipoyi cha kumlaza baba, na pamoja na wanaume watatu wakambeba kuelekea kituo cha afya. Mama na mimi tulifuata nyuma. Alikata roho njiani, kwenye mteremko wa mto, kabla ya saa sita. Mzee akaweka kipoyi chini taratibu, akaniambia, "Sali. Maneno yake mimi siijue." Nikaanza Baba Yetu. Nikapotea katikati, mahali pa kusamehe. Mama ndiye aliyemalizia.

Tulimrudisha kijijini tukamzika, na mama hakutaka kuliacha kaburi. Mimi nilirudi Masisi hali ilipotulia, na mzee alinisindikiza hadi barabarani, amenibebea mzigo. Kabla hatujaagana nilimwambia:

"Muzee, ule mujane wa ndugu yako, mumuite arudie."

Aliuhamishia mzigo bega la pili. "Ule iko mubaya."

"Nani alisema?"

"Bakubwa balisema." Alisema kwa upole, na kwa uhakika uleule niliousikia zizini. Akanikabidhi mzigo wangu, akanitakia njia njema, akarudi msituni.

Mama bado yuko kule. Huwa ananipigia simu akipata mahali penye mtandao. Ananiambia mzee hulisafisha kaburi la baba bila kuombwa, na kwamba yule mjane hajarudi.