Kumtafuta Baba Sanaiya

Nilisafiri kwenda Doha kwa sababu Baba alikuwa ameacha kupokea simu. Haikuzimwa. Iliita mpaka ikakatika, wiki baada ya wiki, na Mama akaacha kulala. Nilikuwa darasa la sita Baba alipoondoka Bungoma kwenda kuendesha mabasi ya kampuni huko. Mwanzoni alikuja likizo, kisha akabaki sauti tu, na sasa hata sauti hatukuwa nayo.

"Nenda ukanijulie jambo moja," Mama aliniambia huku akinifungia njugu za kubeba. "Kama bado anatutaka au ametuacha. Lolote nitalibeba, Nekesa. Hili la kutojua ndilo linanimaliza."

Mimi ni mwalimu wa fasihi chuoni, na kila mwaka tunafika kwenye tenzi za kale za Wagiriki, zile ndefu za vita na bahari. Kwa msomaji ambaye hajakutana nazo, nieleze kidogo, maana zilinifuata safari nzima. Humo jamaa hutengana kwa miaka mingi. Kijana aliyekua bila baba hutoka kwenda kuulizia habari zake, na mungu wa kike humwongoza. Lakini mungu huyo haji na radi. Huvaa sura ya mtu wa kawaida, rafiki wa familia, akatangulia njiani kama mwenyeji. Wanafunzi huniuliza, "Mwalimu, huyo kijana anajuaje kwamba ni mungu?" Huwa nawajibu kwamba mara nyingi hajui, mpaka mwongozaji ameshaondoka. Darasani ni jibu zuri. Ndani ya ndege halikunisaidia chochote.

Uwanja wa ndege nilipokewa na Wambui, muuguzi niliyesoma naye sekondari, anayeishi Al Thumama, karibu na hapo. Tulipotoka nje miwani yangu ilijaa ukungu kwa joto, nikabaki nimeshika toroli kama kipofu. Alinilisha kwanza, kisha akaniuliza nina nini mkononi. Nilikuwa na picha ya zamani ya Baba na neno moja, Sanaiya, jina wanaloliita eneo la viwanda, wanakolala wafanyakazi wa kampuni.

"Sanaiya ni kubwa, dada. Si kijiji cha kuulizia mlango kwa mlango," alisema. Akaituma picha kwenye kundi la Wakenya na Waganda la WhatsApp.

Kabla hatujamaliza chai, jibu lilikuja. Mganda aitwaye Musa, dereva, aliandika kwamba anamjua mtu anayemjua mzee huyo, na kwamba kesho yake angenipeleka. Nilimwambia Wambui kwamba katika tenzi zangu msaada huja hivi hivi, upesi, kutoka kwa mtu usiyemtarajia.

"Na huyo mungu wako wa Kigiriki ana laini ya Qatar?" aliuliza. "Kaa naye mahali penye watu. Na unipigie kila mkifika mahali."

Siku iliyofuata, Musa alinipeleka Al Sadd, kwenye mkahawa mdogo uliojaa watu. Alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, kanzu yake imepigwa pasi vizuri. Aliagiza karak, ile chai ya maziwa na iliki, na chapati. Huyo mtu anayemjua Baba hakutokea. Badala yake Musa alianza kuniuliza maswali.

"Nyabo," alianza, akiniita bibi kwa Kiganda, "mama yako bado yuko kwake?"

"Yuko."

"Hajaolewa kwingine?"

"Kwa nini unauliza hivyo?"

"Nauliza tu. Na wewe ukimwona mzee, utamwambia nini? Utapiga kelele?"

Alikuwa akinitazama usoni kupita kiasi, kama anayetafuta kitu alichokidondosha. Niliwaza mambo mawili, na yote yalikuwa mabaya: ama huyu ni tapeli, ama Baba amekufa na ananiandaa kuipokea habari. Nikaisukuma chai kando.

"Kama amekufa, niambie," nilisema. "Kama ana mke mwingine, niambie. Mama hakunituma nije kumlaumu mtu. Amenituma nijue kama bado anatutaka. Nikitoka hapa bila jibu, huyo mama ataendelea kukaa macho, na mimi sitakuwa na la kumwambia."

"Kunywa chai yako, Mwalimu," Musa alisema. "Ijumaa nitakuja kukuchukua. Ni siku ya mapumziko."

Usingizi wa siku zile sitaki kuukumbuka. Wambui aliporudi kutoka zamu alinikuta nimekaa sebuleni na viatu miguuni.

Ijumaa, baada ya swala, tulielekea Sanaiya. Maduka ya vipuri yalikuwa yamefungwa, mabasi meupe ya kampuni yamepangwa kwenye vumbi, na wanaume walifua nguo na kunyoana nje ya majengo. Wageni hawaruhusiwi kuingia vyumbani, kwa hiyo Musa aliegesha gari kando ya lango, kwenye kivuli cha ukuta, akazima injini.

"Hakuna mtu anayemjua mzee," alisema. "Ni mimi. Tunalala chumba kimoja. Kisukari kimemharibia macho, nyabo. Alitolewa kwenye usukani, sasa anaosha mabasi kwa kupapasa. Siku picha ilipokuja, nilimweleza iko vipi, akajua ni yeye. Akanituma nikutazame. Alisema, 'Nenda uuangalie uso wa Nekesa. Kama una hasira, usimlete. Mimi mwenyewe sitaweza kuuona.'"

Katika tenzi hizo, anayerudi baada ya miaka mingi hujificha kwanza, akawapima watu wake kabla ya kujitambulisha. Miaka yote nimefundisha kwamba huo ni ujanja wa shujaa. Sikuwahi kumwambia mwanafunzi hata mmoja kwamba huenda shujaa alikuwa anaogopa.

"Na ulimwambia nini?" nilimuuliza.

"Nilimwambia una uso wa mtu asiyelala."

Alishuka, akarudi amemshika Baba kiwiko. Baba alikuwa mdogo wa mwili kuliko nilivyomkumbuka, na aligeuzia sikio upande wangu badala ya macho.

"Nekesa?"

"Ni mimi, Baba."

"Umekuwa na sauti ya mama yako." Kisha akasema haraka, kama aliyeyapanga, "Simu nilikuwa naichaji kila siku. Nilishindwa tu kuipokea. Niliondoka naendesha watu. Nitarudi vipi nikivutwa mkono?"

"Mama anauliza kama bado unatutaka."

"Anauliza hivyo? Mimi nilidhani ni nyinyi mtakaoulizwa kama bado mnanitaka."

Jumatatu Musa alimpeleka ofisi ya kampuni. Tiketi yake ya kurudi nyumbani ilikuwa tayari tangu macho yalipoharibika. Baba ndiye aliyekuwa akiomba isogezwe mbele. Sasa aliomba apangiwe ndege moja na mimi. Uwanjani nilimwambia Musa kwamba labda yeye ndiye aliyetumwa na Mungu.

"Mimi nimetumwa na mzee," alijibu akinikabidhi begi. "Kama mzee naye alitumwa, hayo muulize mwenyewe njiani."

Sikumuuliza. Tulikula njugu za Mama. Nilijifunza kutembea nusu hatua mbele yake, kumwambia ngazi kabla hazijafika, na kutomvuta. Hilo ndilo nililorudi nalo: anayeongoza hapaswi kukaza mkono, na anayeongozwa huenda amekwisha kuichagua njia kitambo, ila anahitaji mtu wa kuianza pamoja naye.

Nairobi, nje ya mlango wa wanaowasili, Mama alikuwa amesimama katikati ya watu, shali imemteleza begani. Hakuita. Baba alihisi nimesimama.

"Yuko upande gani?" aliuliza.

"Mbele yako. Hatua chache tu, na hakuna ngazi."

Akauachia mkono wangu.